Kadi za utani za Magic: maswali tunayoulizwa sana Mtwara

Kila tetesi za seti mpya ya utani zinapoanza kusambaa kwenye simu za watu, maswali huwa yale yale. Anauliza mwenzetu wa Lindi aliyejiunga juzi, anauliza mzazi wa Chikongola anayetaka kujua mwanawe anacheza nini mpaka magharibi inaingia, anauliza na mchezaji mkongwe ambaye tangazo limemkera. Tumeyakusanya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayotusumbua hata sisi. Jibu likishatolewa mahali fulani, hatulirudii, tunakuelekeza lilipo.

## Mambo ya mwanzo

Magic ni mchezo gani, na seti ya utani ni kitu gani?

Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Tofauti na karata za kawaida, ambapo wote mnagawiwa kutoka rundo moja, hapa kila mchezaji anakuja na deki yake aliyoipanga mwenyewe. Una kadi za ardhi zinazokupa nguvu iitwayo mana, na mana hiyo unaitumia kuita viumbe na kufanya mambo mengine. Mwenzako anaanza na pointi 20 za uhai. Zikiisha, umeshinda.

Kila mwaka hutoka seti mpya kadhaa, na karibu zote zinachukulia ulimwengu wake kwa uzito: vita, falme, majoka. Seti ya utani ni ile ambayo wabunifu wamejipa ruhusa ya kuvunja kanuni za mchezo wenyewe. Kadi inaweza kukutaka uibebe kichwani bila kuanguka, uichane, au ukubaliane na wenzako neno la kutotamka. Majina ya seti hizi kwa kawaida huanza na herufi mbili, U na N.

Zimetoka ngapi mpaka sasa?

Ya kwanza ni Unglued ya Agosti 1998. Ikafuata Unhinged, Novemba 2004. Kisha kukawa na ukimya mrefu hadi Unstable ilipotoka Desemba 2017. Tarehe 29 Februari 2020 likatoka boksi la Unsanctioned lenye deki tano za kadi 30 kila moja, unachanganya mbili unapata deki ya kadi 60. Unfinity ilitoka tarehe 7 Oktoba 2022, baada ya kucheleweshwa kutoka Aprili mwaka huohuo.

Hii si kamari? Na jina lenyewe linamaanisha uchawi, sivyo?

Maswali haya huletwa na wazazi, na wana haki ya kuyauliza.

Kwetu hakuna pesa inayowekwa mezani. Anayeshinda anaondoka na kadi zake, na aliyeshindwa anaondoka na zake. Jambo moja lakini mzazi aliangalie kwa makini: kadi nyingi huuzwa kwenye pakiti zilizofungwa, unalipa bila kujua ndani kuna nini. Kijana anaweza kumaliza hela yote akiisaka kadi moja adimu. Msimu wa korosho, hela ya mnada ikiingia nyumbani, ndipo tabia hiyo inapojitokeza zaidi. Ushauri wetu ni kununua kadi moja moja unazozitaka, au maboksi ambayo kilichomo kinajulikana, kama hilo la Unsanctioned.

Kuhusu uchawi, ni hadithi za kubuni kama zile za majini na mazimwi tulizosimuliwa na mabibi zetu. Hakuna kinachosomwa wala kuombwa. Kadi zenye picha za mashetani zipo kwenye seti za kawaida, na familia isiyozitaka inaweza kuziacha bila mchezo kuharibika. Wapo wenzetu wanaocheza hivyo na hakuna anayewasumbua.

## Kwa nini mashabiki wanazozana kabla seti haijatoka

Seti ya kuchekesha inawezaje kuleta ugomvi?

Kwa sababu wote wanaozozana wanaupenda mchezo uleule, ila kila mmoja anapenda upande wake.

Ukifuatilia yanayosemwa kila seti ya utani inapotangazwa, utakuta makundi kama matatu. Wa kwanza ni wenye furaha isiyo na masharti: wanataka kucheka na marafiki, na seti hizi ndizo zilizowaingiza ndugu zao kwenye mchezo. Wa pili ni wanaosema, sawa, tanianeni, lakini utani ubaki kwenye meza ya utani. Wa tatu wanaona kila kadi ya mzaha imechukua nafasi ya kadi ya maana, na wanahesabu muda na pesa za kampuni kana kwamba zinatoka mfukoni mwao.

Kundi la pili ndilo kubwa katika watu tunaocheza nao hapa, na hoja yao ina uzito. Huku kwetu mtani wako anaweza kuja msibani akalala chini akajifanya yeye ndiye maiti, mkacheka huku machozi yanatoka, na hakuna anayekasirika kwa sababu kila mtu anajua huyu ni mtani. Asiye mtani akifanya vilevile, patachimbika. Wachezaji hawa wanataka hichohicho: kijulikane nani ana ruhusa ya kutania, na wapi.

Ugomvi wa Unfinity ulihusu nini hasa?

Tangu 1998 kadi za utani zilikuwa na ukingo wa rangi ya fedha. Kadi za kawaida zilikuwa na ukingo mweusi, na nyingine za zamani mweupe. Ukiiona kadi ukiwa umbali wa mkeka mzima, ulijua mara moja kwamba hii haiingii kwenye mashindano.

Mwishoni mwa 2021, miezi kabla seti haijatoka, ilitangazwa kwamba Unfinity haitakuwa na ukingo wa fedha. Kadi zote zitakuwa na ukingo wa kawaida. Zile za utani mtupu zitawekewa muhuri mdogo wenye umbo la mbegu ya mwaloni chini ya kadi, na hizo zitabaki za kuchezea nyumbani. Zisizo na muhuri huo zitaruhusiwa kwenye Commander, Legacy na Vintage, yaani aina za mchezo zinazokubali kadi za tangu zamani.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Waliopinga walisema ukuta umebomolewa: mtu ataingia kwenye mashindano ya Legacy akiwa na karatasi ya stika, zile za kubandika kwenye kadi zilizokuja na seti hiyo, mpinzani alipe kiingilio, asafiri, halafu ashindwe na mzaha. Walilalamika pia kwamba muhuri ni mdogo mno kuonekana.

Waliounga mkono walikuwa na maumivu ya miaka mingi. Walinunua kadi za utani wakazipenda, lakini kila wakizipeleka kwenye meza ya Commander wanaambiwa "hizo haziruhusiwi" na mazungumzo yanaishia hapo. Kwao ukingo wa fedha ulikuwa kifungo. Kadi ambayo kikanuni haina tatizo lolote ilikataliwa kwa sababu ya rangi tu.

Msimamo wetu: kuruhusu baadhi ya kadi lilikuwa jambo jema, kuondoa alama inayoonekana kwa mbali halikuwa jambo jema. Mchezaji mgeni, hasa anayesoma kwa lugha isiyo yake, anahitaji alama ya wazi kuliko mtu mwingine yeyote. Kilichotokea baadaye kwa stika kimeelezwa chini, kwenye swali la mashindano.

Je, malalamiko ya mashabiki huwa yanasikilizwa?

Mara nyingi ndiyo, ingawa huchukua muda. Mfano mzuri ni Unhinged. Ndani yake kulikuwa na kadi zenye utaratibu uitwao Gotcha. Kadi yako ikiwa kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika, mpinzani wako akitamka neno fulani, au akicheka, au akigusa kitu fulani, unapaza sauti "Gotcha!" na kadi inarudi mkononi mwako.

Kwenye karatasi inaonekana raha. Mezani ikawa kinyume: njia bora ya kushinda ni kukaa kimya, usicheke, usipige soga, mikono uitulize. Seti iliyotengenezwa ili watu wacheke ikawanunisha. Wachezaji walilisema hilo kwa nguvu, na Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa seti hizi, amekiri hadharani na kwa kurudiarudia kwamba lilikuwa kosa kubwa. Unstable ilipokuja, utaratibu huo haukurudi.

Kwa nini watu walisubiri miaka 13 kati ya Unhinged na Unstable?

Kampuni haikuwa na uhakika kwamba zinalipa. Hata mwendelezo wa Unglued ulishaanza kutengenezwa zamani zile ukasimamishwa. Mashabiki hawakuacha kuuliza. Rosewater anajibu maswali ya wachezaji karibu kila siku, na kwa miaka hiyo yote swali la "lini?" halikumpa nafasi ya kupumua.

Kuna hadithi tamu ndani yake. Mwaka 2007, seti ya kawaida iitwayo Future Sight ilikuwa na kadi Steamflogger Boss iliyozungumzia kuunda mitambo fulani ambayo haikuwepo popote kwenye mchezo. Hakuna aliyejua mitambo hiyo inafanya nini. Watu waliuliza miaka kumi. Jibu lilikuja kwenye Unstable, seti ya utani, ambayo iliitengeneza mitambo hiyo kweli na kuipa deki yake ya pembeni. Walioisubiri walifurahi kuliko walivyofurahia kadi yoyote kali ya mwaka ule.

Seti hizi zina faida gani kwa asiyependa utani?

Faida kubwa kuliko wengi wanavyojua, na hapa ndipo tunapowaomba wa kundi la tatu watusikilize.

Unapocheza leo ukaita askari wadogo, unaweka mezani kadi ya tokeni yenye picha yao. Kadi za tokeni zilianzia kwenye Unglued. Kabla ya hapo watu waliweka sarafu, vifungo vya shati, chochote. Kadi za ardhi zenye picha kubwa inayojaza kadi nzima, ambazo leo kila mtu anazitafuta, nazo zilianzia Unglued. Seti ya kawaida ilizipata mwaka 2009 kwenye Zendikar. Kadi zilizogawanywa mbili, kila nusu ikiwa na kazi yake, zilibuniwa kwa ajili ya ule mwendelezo wa Unglued uliosimamishwa, zikahamishiwa seti ya kawaida ya Invasion ya mwaka 2000, na mpaka leo zinatolewa.

Unglued ilikuwa pia na jitu liitwalo B.F.M., kubwa mno hata kadi moja haikulitosha. Unahitaji kadi mbili mkononi, ya kushoto na ya kulia, uziweke pamoja upate kiumbe chenye nguvu 99 na uimara 99. Miaka 18 baadaye, mwaka 2016, seti ya kawaida ya Eldritch Moon ilileta kadi mbili zinazoungana migongo kuwa kiumbe kimoja, na hakuna aliyecheka, watu walitetemeka. Kurusha dadu nako kulionekana mambo ya utani tu hadi Julai 2021, seti ya Adventures in the Forgotten Realms ilipoleta dadu ya pande 20 kwenye mchezo wa kawaida.

Kwa hiyo mtu akikwambia seti ya utani ni kupoteza muda, mwoneshe tokeni aliyoiweka mezani kwake.

## Mezani kwetu

Kiingereza changu si kizuri. Nitacheka na nini?

Magic haijawahi kuchapishwa kwa Kiswahili, na kadi za utani ni ngumu kusoma kuliko za kawaida kwa sababu nyingi zinachezea maneno na mambo ya Marekani. Hatutakudanganya: kuna kadi ambazo ukieleza mzaha wake kwa Kiswahili hakuna atakayetabasamu.

Lakini utani ulio bora kwenye seti hizi ni wa kutenda. Chukua Charm School: unachagua rangi, unaweka kadi kichwani, na ilimradi haijaanguka huumizwi na rangi hiyo. Haihitaji tafsiri. Mabinti waliozoea kubeba ndoo kutoka bombani wanaibeba kadi hiyo mchezo mzima, wanachanganya deki, wanakunywa chai, wanajibu simu, na kadi ipo palepale. Vijana wa kiume huwa wanaiangusha kabla zamu haijaisha.

Nyingine ni Censorship. Aliyeiweka anachagua neno, na yeyote atakayelitamka anapigwa pointi 2. Sisi tunachagua neno la Kiswahili. "Yaani" linaua watu ndani ya dakika chache. Mtu anapigwa, anaanza kujitetea, "Yaani mimi sija...", anapigwa tena.

Ushauri wetu ni kumweka mtu mmoja anayesoma vizuri awe msomaji wa meza. Asome kadi yote kwa sauti kwa Kiswahili kabla haijafanya kazi, na asikatizwe.

Nianze na seti ipi?

Unsanctioned, kama unaipata. Deki ziko tayari na unajua unachonunua. Unstable ni ya pili. Ina ladha ya kuunganisha nusu ya mnyama mmoja na nusu ya mwingine, na watoto wanaipenda sana. Unhinged tunaiweka mwisho kwa sababu ya Gotcha iliyoelezwa juu.

Tunazipata wapi huku kusini?

Kwa mikono ya watu. Ndugu aliye nje anazibeba, au rafiki wa Dar es Salaam anakutumia kwa basi kama kifurushi. Hata kama mwenye mzigo ni mtu unayemjua, mwambie apige picha ya kadi kabla hajafunga.

Kadi ambazo hatuna tunaziprinti steshenari, nyeusi na nyeupe, tunaziingiza kwenye plastiki mbele ya garasa la karata za kawaida ili ziwe na ugumu. Kampuni yenyewe iliwahi kueleza mwaka 2016 kwamba haina tatizo na kadi za majaribio za matumizi binafsi zisizo za biashara. Kuziuza, au kuziprinti zifanane na halisi ili umdanganye mtu, ni jambo jingine kabisa, na anayefanya hivyo hatuchezi naye tena.

Kadi zangu zinazong'aa zimejikunja kama ganda. Nimeuziwa mbovu?

La, ni unyevu. Kadi ya foili ina tabaka la plastiki juu ya karatasi. Karatasi inanyonya unyevu na kutanuka, plastiki hainyonyi, kwa hiyo kadi inapinda. Kwenye nyumba za karibu na bahari, Shangani au Mikindani, kadi zinapinda ndani ya wiki, na kipindi cha mvua ni zaidi.

Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kopo lisiwe limewahi kukaa dagaa. Zilizokwisha pinda, ziweke ndani ya plastiki zake na uzikandamize kwa vitabu vizito siku kadhaa, nyingi hurudi. Usizianike juani.

Stika za Unfinity zina shida ya namna hiyohiyo. Zimetengenezwa ili zibanduliwe na kubandikwa tena, lakini vumbi na jasho la mikono huziua gundi. Zibandike juu ya plastiki, kamwe si juu ya kadi yenyewe.

## Kesi ngumu

Naweza kutumia kadi za utani kwenye Commander?

Angalia alama. Yenye ukingo wa fedha, au muhuri wa mbegu ya mwaloni, hairuhusiwi kikanuni. Kadi ya Unfinity isiyo na muhuri huo inaruhusiwa. Saw in Half, inayomkata kiumbe akawa wawili wa nusu nguvu, imekuwa kipenzi cha wengi.

Hata hivyo Commander ni mchezo wa makubaliano. Unstable ilipotoka, kamati iliyosimamia kanuni zake wakati huo iliruhusu kadi za ukingo wa fedha kwa muda mfupi, kuanzia Desemba 2017 hadi katikati ya Januari 2018, kisha ikafunga mlango. Kwetu utaratibu ni kuuliza kabla ya kukaa. Weka kadi hadharani, wote wazisome, na mmoja akisema hapana inabaki hapana. Usimshawishi. Beba kadi kumi za akiba za kuzibadilisha.

Na kwenye mashindano je? Nilisikia stika zimepigwa marufuku.

Umesikia kweli. Mei 2024 kadi zote zinazoleta stika au vivutio kwenye mchezo zilipigwa marufuku Legacy, Vintage na Pauper, aina ya mchezo inayotumia kadi zisizo adimu tu.

Vivutio ni deki ya pembeni ya vibanda vya maonesho, na kila zamu unarusha dadu ya pande sita kujua kipi kinafanya kazi. Stika nazo zina utaratibu wake: kwenye deki uliyoipanga nyumbani unakuja na karatasi angalau kumi tofauti, na tatu zinachaguliwa kwa bahati kabla ya mchezo. Haya yote ni raha jioni na marafiki. Kwenye mashindano yenye saa inayohesabu ni mzigo kwa mpinzani ambaye hakuuchagua, na ndivyo waliopinga mwaka 2021 walivyoonya.

Kadi nyingine za Unfinity hazikuguswa. Comet, yule mbwa wa angani anayetegemea dadu, bado anaruhusiwa.

Kadi inasema niichane. Niichane kweli?

Chaos Confetti inakutaka uichane vipande, uvirushe mezani ukiwa umbali wa kama mita moja na nusu, na kila kadi inayoguswa na kipande inaharibiwa kimchezo. Inatoka kwenye kisa cha zamani kinachosimuliwa na wachezaji, cha mtu aliyeichana kadi yake Chaos Orb ili iguse kadi nyingi.

Printi yake inatosha. Mnapata kicheko chote na kadi halisi inabaki salama. Kama mnacheza penye upepo wa bahari, fungeni kwanza mlango wa upande huo au hamieni ndani, maana vipande vitaishia uani kwa jirani na hamtajua viligusa nini. Na watoto waelezwe mapema kwamba kadi za watu hazichanwi. Mdogo wetu mmoja aliielewa kadi hiyo kupita kiasi.

Ashnod's Coupon: nani analipia soda?

Wewe mwenye kadi. Maandishi ya awali yanasema mchezaji uliyemchagua akuletee kinywaji unachokitaka, na watu waligombania bili. Kanuni zilirekebishwa: mwenye kadi ndiye anayelipa. Aliyechaguliwa kazi yake ni miguu tu. Ukitaja dafu na muuza madafu ameshaondoka, kubali maji.

Cheatyface inaruhusu wizi. Ina maana naweza kuiba na kadi nyingine?

Hapana. Cheatyface peke yake ndiyo unayoweza kuipenyeza mezani kimyakimya; mpinzani akikustukia papo hapo, inaondolewa. Ruhusa hiyo haiendi kwa kadi nyingine yoyote. Anayechota kadi ya ziada kwa kisingizio cha utani amedanganya kama angedanganya kwenye arbastini, na meza yetu inasimamisha mchezo hapo.

Urza anataka intaneti. Mtandao ukikatika?

Urza, Academy Headmaster wa Unstable hukutuma kwenye tovuti inayokuchagulia kitakachotokea kwa bahati. Bando likiisha katikati ya mchezo, tunaandika matokeo sita ya kawaida kwenye karatasi na kurusha dadu. Kubalianeni orodha kabla ya mchezo, si baada ya Urza kushuka, kwa sababu wakati huo kila mtu ana maslahi.

Mwenzetu amekasirika kweli, si utani tena. Tufanyeje?

Simamisheni. Mara nyingi tatizo ni kadi inayomtaka mtu afanye jambo la mwili au aseme jambo mbele za watu: mgeni, mtu mzima, au binti aliyekuja kwa mara ya kwanza. Kanuni yetu ni kwamba yeyote anaweza kukataa tendo la kadi bila kutoa sababu. Kadi inaondoka mezani na mwenye nayo anachota nyingine badala yake. Mkubwa akikataa, asiambiwe "si mchezo tu mzee". Mwiteni kando, mwombeni radhi, na mkirudi mezani badilisheni deki.